Ninakutaka Wewe: Nafsi, Amri na Mabango ya Vita ya James Montgomery Flagg

Ikisiri

Makala haya yanaeleza kazi ya James Montgomery Flagg (1877–1960), Mmarekani aliyechora katika magazeti, vitabu na mabango, na anayekumbukwa zaidi kwa bango moja la mwaka 1917 linalomwonyesha Mjomba Sam akimnyooshea mtazamaji kidole. Hoja inayojengwa ni kwamba nguvu ya bango hilo imetokana na uchaguzi wa nafsi kama ilivyotokana na mchoro wenyewe: dola iliacha kusema kama nchi, ikaanza kusema kama mtu mmoja anayemtazama mtu mwingine mmoja. Hoja hiyo inapimwa kwa Kiswahili, lugha inayolazimika kuonyesha ndani ya kitenzi mambo ambayo Kiingereza huweza kuyaacha bila kuyataja.

Maneno makuu: bango, nafsi, kiambishi cha yambwa, hali ya kuamuru, fasiri

1.0 Utangulizi

Matini ya bango huwa na maneno machache kuliko matini nyingine nyingi anazokabidhiwa mfasiri, lakini uchache huo haumpunguzii kazi. Maneno matatu yaliyokaa chini ya picha hayana sentensi ya pili ya kuyaeleza wala aya ya kuyasahihisha. Msomaji wake hajaketi. Anapita njiani, na bango lina muda wa hatua mbili au tatu za kumsimamisha.

Bango linalojadiliwa hapa linajulikana hata kwa watu wasiolijua jina la mchoraji wake. Mzee mwenye nywele nyeupe na ndevu chache za kidevuni amevaa kofia ndefu nyeupe yenye utepe wa buluu na nyota. Uso umekunjamana, nyusi zimeshuka, na kidole cha shahada kimenyooka moja kwa moja kuelekea nje ya karatasi. Chini yake kumeandikwa I Want YOU for U.S. Army, na neno la tatu ni kubwa kuliko mengine na limepakwa rangi nyekundu. Flagg mwenyewe hakuona haya kuliita bango mashuhuri kuliko yote duniani, na ni vigumu kumpinga. Wanaolitaja, hata hivyo, huanza na kukomea kwenye kidole. Maneno huchukuliwa kama maelezo ya picha tu, ilhali ndiyo yaliyobadilika hatua kwa hatua hadi yakafikia umbo hilo.

2.0 Kijana wa Magazeti

Flagg alizaliwa tarehe 18 Juni 1877 huko Pelham Manor, katika jimbo la New York. Alikuwa na umri wa miaka 12 alipouza mchoro kwa gazeti la watoto la St. Nicholas, na kufikia miaka 14 michoro yake ilikuwa imeanza kupokewa na Life. Life la wakati huo lilikuwa gazeti la vichekesho. Lisichanganywe na gazeti la picha lililorithi jina hilo mwaka 1936. Baadaye akawa mchoraji wa kudumu wa Judge, gazeti jingine la vichekesho. Alisoma katika chuo cha Art Students League mjini New York, kisha akaenda kujiendeleza Uingereza na Ufaransa kabla ya kurudi nyumbani mwanzoni mwa karne.

Alirudi wakati mzuri. Redio ilikuwa bado haijaingia majumbani na filamu ilikuwa changa. Gazeti la kila wiki au la kila mwezi ndilo lililowaburudisha watu, na mchoraji ndiye aliyewaonyesha wasomaji sura ya mhusika wa hadithi, mavazi ya msimu na mzaha wa wiki. Mchoraji aliyefanya kazi haraka na kwa uhakika alilipwa vizuri, na Flagg alikuwa na sifa zote mbili. Alichora kwa kalamu na wino, kwa makaa na kwa rangi. Alichora sura za waigizaji na waandishi. Alichora wasichana warembo waliouza majalada.

Sehemu ya kazi yake inayotajwa kwa nadra ndiyo inayoigusa zaidi mada hii. Flagg alikuwa mtu wa maneno pia. Alitunga na kuchapisha vitabu vidogo vya mashairi ya mzaha, akiyatia michoro yake mwenyewe. Kati ya miaka 1903 na 1907 alichora katika Judge visa vya mzururaji aitwaye Nervy Nat, ambavyo mzaha wake hukamilika pale tu picha na maneno yanaposomwa kwa pamoja. Mwaka 1912 alitoa The Adventures of Kitty Cobb, hadithi ya msichana anayehamia mji mkubwa, iliyosimuliwa kwa mfululizo wa picha na maelezo mafupi. Kwa hiyo, vita vilipomfikia, alikuwa na takriban robo karne ya mazoezi ya kuoanisha sentensi moja na picha moja. Bango la mwaka 1917 mara nyingi husimuliwa kama bahati ya siku moja. Historia hii haiungi mkono simulizi hilo.

3.0 Hatua Tatu za Sentensi Moja

Kidole hakikuwa cha Flagg. Tarehe 5 Septemba 1914, mwezi mmoja baada ya Uingereza kuingia vitani, gazeti la London Opinion lilitoka na jalada lililochorwa na Alfred Leete. Jalada hilo lilimwonyesha Lord Kitchener, waziri wa vita, akimnyooshea msomaji kidole, na maneno yake yalisema kuwa nchi yako inakuhitaji. Muda mfupi baadaye mchoro huohuo ukageuzwa kuwa bango lililowaita Waingereza na kuwaambia kwamba Kitchener anakutaka wewe, huku picha ya uso wake ikiwekwa mahali pa jina. (Uso huo haukuwa mgeni kabisa katika mwambao wetu: mwaka 1885 Kitchener, akiwa bado afisa wa cheo cha kati, aliiwakilisha Uingereza katika tume iliyopima mipaka ya milki ya Sultani wa Zanzibar.)

Katika maneno yote mawili ya Leete, mwenye kutaka ni nafsi ya tatu. Nchi inahitaji, Kitchener anataka. Kidole kinaelekezwa kwa msomaji, lakini sentensi inasimama kando kama tarishi anayeleta salamu za mkubwa asiyesema mwenyewe. Picha inasema “mimi” na sentensi inasema “yeye”. Pengo hilo ni dogo, na huenda Waingereza wengi hawakulihisi.

Kitchener alikufa maji tarehe 5 Juni 1916 meli yake ilipozama. Mwezi mmoja baadaye, tarehe 6 Julai, gazeti la Leslie's Weekly la Marekani lilitoka na jalada la Flagg. Mkao ni uleule wa Leete, lakini aliyenyoosha kidole sasa ni Mjomba Sam. Marekani ilikuwa bado haijaingia vitani, na maneno ya jalada yalikuwa swali: unafanya nini wewe kwa ajili ya kujiweka tayari? Nafsi ya tatu imetoweka. Msemaji hajitaji, ila anamtaja msikilizaji na kumtaka ajibu.

Hatua ya mwisho ilikuja Marekani ilipotangaza vita tarehe 6 Aprili 1917. Picha ilibaki ileile. Swali likaondolewa, na mahali pake pakawekwa kauli ya nafsi ya kwanza umoja. Hapo ndipo pengo la Leete lilipozibwa. Mdomo uliochorwa na sentensi iliyoandikwa vikawa vya mtu mmoja. Zaidi ya nakala milioni 4 zilichapishwa kati ya 1917 na 1918, na hakuna aliyehitaji kuambiwa “mimi” huyo ni nani.

Upo ushahidi mwingine wa nafsi hiyo ya kwanza, nao ni wa kuchekesha kidogo. Ili kuepuka usumbufu wa kumtafuta na kumlipa mtu wa kukaa mbele yake, Flagg alijitazama mwenyewe, akajiongezea umri, akajipaka mvi na kujitia ndevu. Mjomba Sam wa bango hilo ana sura ya mchoraji wake aliyekaribia miaka 40. Katika maana hii, “mimi” wa bango alikuwa mtu halisi mwenye kalamu mkononi.

4.0 Bango Hilo kwa Kiswahili

Kiingereza kilimpa Flagg msaada mmoja na kizuizi kimoja. Msaada ni kwamba kiwakilishi chake cha nafsi ya pili hakitofautishi umoja na wingi: kinamfaa mtu mmoja aliyesimama mbele ya ukuta na kinalifaa taifa zima. Kizuizi ni kwamba neno hilo ni la kawaida mno, hutamkwa mara mia kwa siku bila mkazo. Ndiyo maana mchoraji alilazimika kulikuza na kulipaka rangi nyekundu. Kazi ambayo sarufi haikuifanya ilifanywa na wino.

Kiswahili kinapokea sentensi hiyo kwa namna nyingine kabisa. Neno moja, ninakutaka, linabeba bango zima: ni- ya msemaji, -ku- ya msikilizaji, na kati yake wakati uliopo. Mtu wawili wamefungwa ndani ya kitenzi kimoja, bila nafasi kati yao. Kiwakilishi wewe kikiongezwa baada ya kitenzi, hakiongezi taarifa yoyote mpya, kwa kuwa msikilizaji amekwisha kutajwa. Kazi yake ni msisitizo mtupu: wewe, wala si mwenzako. Kile ambacho Flagg alikifanya kwa rangi nyekundu, msemaji wa Kiswahili hukifanya kwa kutamka kiwakilishi ambacho angeweza kukiacha.

Mfasiri akichagua wingi, mambo yanaharibika. Ninawataka ina utata unaojulikana na kila mwalimu wa sarufi: -wa- yaweza kuwa ninyi na yaweza kuwa wao. Mpita njia anaweza kabisa kusoma kwamba mzee yule anawataka watu wengine, akaendelea na safari yake. Umbo ninawatakeni huondoa utata huo, lakini bado kidole kimoja kinajaribu kuelekea kwa umati. Wachoraji wa nchi nyingine walikutana na uchaguzi huohuo. Nchini Italia, mwaka 1917, Achille Mauzan alichora askari anayenyoosha kidole akiwataka wote watimize wajibu wao, na Kitaliano kikamlazimu kutumia wingi. Huko Urusi, mwaka 1920, Dmitry Moor alimchora askari mwekundu akiuliza kama umejiandikisha kwa hiari, na akatumia umoja, ule wa kuzungumza na ndugu au rafiki. Ukiyatazama mabango hayo mawili pamoja utaona kwamba la Moor ndilo linaloingia kifuani, na sababu mojawapo ni kiwakilishi.

Kitenzi taka nacho kina mzigo wake. Mfasiri mwenye adabu atavutwa na hitaji, ambalo ni la kistaarabu na ndilo alilolikaribia Leete. Lakini hitaji hukiri upungufu: anayehitaji amepungukiwa. Anayetaka hakiri kitu. Aidha, ninakutaka ina angalau maana mbili nyingine katika mazungumzo ya kila siku: ya mkubwa anayemwita mdogo aje kujibu jambo, na ya mwanamume anayemtongoza mwanamke. Maana ya kwanza inakaa vizuri kabisa katika uso wa Mjomba Sam. Ya pili mtu angeiona kuwa ajali ya Kiswahili, lau si Howard Chandler Christy. Mchoraji huyo wa wakati mmoja na Flagg alitoa, mwaka huohuo wa 1917, bango la jeshi la wanamaji lenye maneno karibu yaleyale, ila anayeyasema ni msichana mrembo aliyevaa sare ya baharia. Tamko ni lilelile. Msemaji amebadilika, na kitenzi kimegeuka. Kiingereza nacho kilikuwa na utata huo, na Christy aliujua vyema.

Pana neno mjomba. Kiingereza kina jina moja kwa ndugu wa kiume wa baba na wa mama. Kiswahili kinatenganisha: wa baba ni ami, baba mkubwa au baba mdogo, na wa mama ni mjomba. Aliyemwita mzee yule Mjomba Sam alimpeleka upande wa mama, jambo ambalo Wamarekani hawakulisema. Kwa masimulizi yao jina lilitokana na Samuel Wilson, mfanyabiashara wa Troy aliyewauzia askari nyama katika vita vya 1812, na katika karne ya 19 wachora katuni, hasa Thomas Nast, ndio walioimarisha umbo lake. Kwa msikilizaji kutoka jamii zinazofuata ukoo wa baba, mjomba ni mtu wa utani na upole, anayekimbiliwa baba akikasirika; amri ya mjomba humshangaza. Kwa Mmakonde au Myao, ambao ukoo wao hufuata mama, mjomba ndiye mwenye kauli juu ya wapwa, na bango halina cha kushangaza. Fasiri moja, wasikilizaji wawili.

Hata kidole hakisomeki sawasawa kila mahali. Katika Kiswahili kumnyooshea mtu kidole ni kumshutumu. Mtazamaji wa lugha hii analipokea bango kama lawama kabla ya kulipokea kama mwito, na usomaji huo hauko mbali na lengo la mchoraji.

5.0 Hiari na Sheria

Wiki moja tu baada ya kutangaza vita, Rais Woodrow Wilson aliunda Kamati ya Habari kwa Umma chini ya mwandishi wa habari George Creel. Ndani yake kikaanzishwa kitengo cha picha kilichoongozwa na Charles Dana Gibson, mchoraji mwenye jina kubwa kuliko wote wakati huo. Wachoraji walijitolea bila malipo. Flagg peke yake alichora mabango 46.

Lakini tarehe 18 Mei 1917 serikali hiyohiyo ilipitisha sheria ya kuwaandikisha vijana jeshini kwa lazima, na kwa sheria hiyo watu wapatao milioni 2.8 waliingizwa jeshini, zaidi ya nusu ya wote waliotumikia. Hapa ndipo sarufi ya bango inapohitaji kutazamwa tena. Sentensi yenyewe si amri. Haina kitenzi katika hali ya kuamuru. Ni kauli ya matakwa, inayomwachia msikilizaji nafasi ya kujibu ndiyo au hapana. Nyuma ya ukuta ule ule, hata hivyo, palikuwa na sheria isiyokubali hapana kutoka kwa vijana wengi waliolisoma. Nafsi ya kwanza iliipa lazima sauti ya maombi ya jamaa. Ni vigumu kuamua kama hilo lilikuwa heshima kwa raia au hila. Huenda ilikuwa yote mawili, na mchoraji hakuulizwa.

Afrika Mashariki vita hivyohivyo havikuhitaji bango. Wapagazi walikusanywa kupitia machifu na maafisa wa wilaya, na tamko halikusema anayetaka ni nani. Kilichobaki katika lugha ni jina la kikosi chao, Carrier Corps, lililogeuka Kariakoo jijini Dar es Salaam na Kariokor jijini Nairobi.

6.0 Amka au Amkeni

Mabango mengine ya Flagg yanaonyesha kwamba suala la nafsi halikumtoka kichwani. Katika Wake Up, America! la mwaka 1917, mwanamke aliyevaa bendera amelala kitini huku moto ukitanda nyuma yake. Kwa Kiswahili mfasiri hukwama papo hapo. Aliyelala ni mmoja, basi ni amka. Lakini maneno ya chini yanamwita kila mwanamume, mwanamke na mtoto, basi ni amkeni. Picha inadai umoja, maelezo yanadai wingi. Mwaka 1918 akamchora mwanamke wa namna hiyo akitembea shambani na kupanda mbegu, katika bango lililowahimiza raia kulima mboga zao wenyewe. Hilo ni zuri zaidi kwa macho, lakini maneno yake ni ya kawaida.

Kubwa zaidi kwa mtafiti wa lugha ni Tell That to the Marines! la 1918. Maneno hayo ni nahau ya zamani ya Kiingereza inayoonyesha kutoamini, karibu na kusema kawadanganye wengine. Flagg alimchora mwanamume akivua koti kwa hasira, gazeti lenye habari za mauaji ya wanawake na watoto likiwa limetupwa chini. Nahau ikarudishwa kwenye maana yake ya juu juu: waambie Marines, nao watachukua hatua. Bango hilo halifasiriki. Kiswahili kina nahau za kutoamini, lakini hakuna inayotaja askari, na pasipo askari mchezo wote unaanguka.

7.0 Baada ya Vita

Flagg aliendelea kuchora kwa miongo kadhaa, akaandika filamu fupi za vichekesho, na mwaka 1946 akatoa tawasifu iitwayo Roses and Buckshot. Lakini picha za kamera zilikuwa zikichukua majalada moja baada ya jingine, na mchoraji wa magazeti hakuwa tena mtu aliyesubiriwa kila wiki. Bango la 1917 lilichapishwa upya katika Vita vya Pili vya Dunia. Alifariki New York tarehe 27 Mei 1960.

Mzee wake hakupumzika. Mwaka 1971, wakati wa upinzani dhidi ya vita vya Vietnam, lilitoka bango lenye mpangilio uleule: kofia ileile, ndevu zilezile, lakini Mjomba Sam amefungwa bendeji kichwani, nguo zimechanika, na kidole kimefunguka kikawa kiganja kinachoomba. Maneno yake ni I Want OUT. Nafsi ya kwanza imebaki na kitenzi kimebaki. Aliyeondolewa ni msikilizaji. Kiswahili hapa kinasema nataka kutoka, na -ku- iliyomo ndani yake haimtaji mtu yeyote. Ni ya kitenzi jina tu.